Kwa Nini Tusimwulize Mganga?

Dominika moja baada ya misa, mzee mmoja wa parokia yetu, mtu mwema mwenye kuheshimiwa, alitusimamisha mbele ya mlango wa kanisa akatuambia: «Ninyi walimu, mnawafundisha watu kiburi. Tangu lini maskini anamwuliza mganga maneno? Mganga amesoma miaka mingi. Wewe umesoma nini? Pokea dawa, sema asante, rudi nyumbani. Mengine ni ya Mungu.» Watu waliokuwa karibu wakaitikia: «Mzee amesema kweli.»

Tumeona vema kumjibu mzee wetu humu gazetini, kwa kuwa neno lake si lake peke yake. Twalisikia kila siku katika mashirika, sokoni, hata mdomoni mwa walimu wenzetu. Twamheshimu mzee, lakini neno lake twalikataa. Na kabla ya kutoa sababu, tueleze jambo lililompata mama mmoja wa shirika letu. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa ya kulieleza.

Mama huyo ni mjane wa miaka karibu sitini, mwuza ndagala. Alianza kujigonga mabega kwenye miimo ya milango. Akawa anamwaga mboga pembeni ya sahani. Njiani hakuitikia salamu ya mtu aliyesimama kando, na watu wakasema: amekuwa na majivuno tangu mwana wake apate kazi. Lakini vitu vya mbele yake aliviona vizuri. Alihesabu feza yake bila kukosa, hata noti zilizochakaa. Kwa hiyo hakuna aliyedhani kwamba ni macho. Siku moja akagongwa na baiskeli ambayo njia nzima iliiona ila yeye. Hapo mwana wake akampeleka kwenye kituo cha afya, na mwuguzi wa pale, kijana mwenye akili, akamwandikia karatasi: apelekwe kwa mganga wa macho.

Ninyi mnaokaa mijini hamjui uzito wa karatasi ya namna hiyo. Waganga wa macho katika nchi yetu ni wachache, na wengi wao wako Kinshasa na katika miji mingine mikubwa. Shirika lilichanga, mwana akauza mbuzi wawili, mama na mkaza mwana wake wakapanda kamio, wakalala njiani, wakafika siku ya pili. Jina la hospitali hatutalitaja, wala mji, wala hatutasema kama ni ya Serikali au ya Misioni. Wenye kupenda kutafuta majina wajitafutie kazi nyingine.

Walikaa kwenye benchi tangu saa kumi na moja ya alfajiri. Waliitwa saa nane ya mchana. Mganga alimulika macho ya mama, akampima kwa chombo chake, akasema Kifaransa na msaidizi wake, akaandika. Kisha akamwambia mama kwa Kiswahili: «Tia tone moja asubuhi na jioni.» Maneno sita, tumeyahesabu. Mama alipofungua kinywa aulize kama ataona tena, mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa kwa mgonjwa mwingine. Wakalipa, wakapewa resu na kichupa kidogo, wakarudi.

Sasa twaomba msomaji atuvumilie kidogo, tueleze jambo ambalo mama hakuelezwa.

Ugonjwa ule unaitwa glokoma. Ndani ya jicho mna maji yanayotengenezwa daima na kutoka daima kwa njia yake ndogo. Maji yasipotoka vizuri, yanasukuma kutoka ndani, na msukumo ule waua polepole mshipa upelekao picha kwenye ubongo. Mara nyingi hakuna maumivu, hakuna wekundu, hakuna machozi. Macho yanakufa kwanza pembeni, ya katikati yanabaki mpaka mwisho. Ndiyo maana mama aliona noti asione baiskeli. Waganga hupima msukumo huo kwa hesabu, na jicho zima kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21. Kwenye karatasi ya mama, tangu siku ile ya kwanza, iliandikwa: jicho la kuume 38, la kushoto 30. Mama alilala na hesabu hizo chini ya mto wake bila kujua ni za nini.

Tena glokoma si kama katarakti, ule weupe wa jicho ambao wengine huuita mtoto wa jicho. Katarakti hupasuliwa, na mtu huona tena. Tumewaona wazee waliokwenda wakishikwa mkono wakarudi wakitembea mbele ya watoto wao. Ya glokoma hayarudi. Dawa yake kazi yake ni kulinda yaliyobaki. Kwa hiyo matone ni ya kila siku, mwaka kwa mwaka, mpaka kufa, isipokuwa mganga akishauri kupasua ili kuyafungulia maji njia nyingine. Na mgonjwa aliyeyatia mwezi mzima asione nafuu yoyote, dawa haikumshinda: hivyo ndivyo inavyokuwa. Je, nani awezaye kuyajua hayo bila kuambiwa? Sisi wenyewe, pamoja na miaka yetu ya seminari, hatukuyajua.

Mama alitia matone. Kusema kweli ni mkaza mwana aliyeyatia, asubuhi na jioni, kwa kuwa mkono wa mama ulitetemeka. Jioni ya siku ya tatu kifua cha mama kikaanza kumbana. Ana pumu tangu utoto. Dawa ile, timololi, ni dawa njema ya glokoma, nayo imelinda macho ya watu wengi duniani. Lakini ikiingia mwilini hukaza njia za pumzi, na mwenye pumu hapewi. Mganga hakumwuliza. Akaendelea mwezi mzima, akipumua kama mvukuto wa mhunzi, mpaka kichupa kikaisha. Macho hayakubadilika. Akasema: dawa imeshindwa. Na alipoacha, kifua kikafunguka.

Wasomaji, tazameni ubaya ulivyotafuta njia yake. Mama alipokuwa akitiwa matone, kifua kilimbana. Alipoacha kutiwa, alipona kifua. Na macho yakazidi kupotea. Mwana wake akaenda kwenye chumba cha maombi cha nabii mmoja, na nabii hakutaka siku nyingi za kufunga ili apate jawabu: «Mkono unaokutilia dawa ndio unaokufunga macho.» Mkaza mwana akafukuzwa usiku ule ule na watoto wawili, mmoja mgongoni. Mwaka wa tisa wa ndoa, iliyofungwa mbele ya altare yetu.

Twawaza sana juu ya nabii yule, nasi tungeweza kuandika ukurasa mzima wa kumlaani, na wasomaji wangefurahi. Lakini jambo linaloumiza ni hili: nabii alilijibu swali ambalo mganga aliliacha wazi. Kila mgonjwa huuliza, nimepatwa na nini? Akitoka hospitalini bila jibu, atalibeba swali lile mpaka amkute mtu wa kulijibu, na wa kulijibu hawakosekani kamwe. Mpiga ramli ana saa nzima ya kumsikiliza mgonjwa. Nabii ana usiku mzima. Mganga aliyesoma kuliko wote, mwenye kujua jina la kweli la ugonjwa, alikuwa na maneno sita. Basi tunaposimama kwenye mimbari kuwakaripia Wakristu wanaokwenda kwa wapiga ramli, tuwakaripie, ndiyo. Lakini tujue pia ni nani aliyewasindikiza mpaka mlangoni.

Labda wengine watasema tunamwonea mganga. Hapana. Twajua kazi yake. Tulihesabu watu wa benchi ile siku tuliporudi huko: walikuwa zaidi ya hamsini, na mganga ni mmoja. Mishahara huchelewa, waganga wa Serikali katika nchi yetu wamegoma mara nyingi kwa ajili hiyo, na si kwa ulafi. Tena twasema wazi kwamba ujuzi wake haukuwa mbaya: ugonjwa aliutambua, hesabu aliziandika sawasawa. Kosa lake lilikuwa katika kuuliza na katika kueleza. Kuuliza «Una pumu, mama?» kunachukua pumzi moja. Kueleza kwamba dawa hii ni ya maisha, na ya kuwa yaliyopotea hayarudi, kunachukua dakika tano. Kwa kukosa dakika hizo tano, dawa, safari, mbuzi wawili na jicho la kuume vilipotea bure. Mganga anayeokoa dakika tano kwa namna hiyo ameokoa nini?

Turudi kwa mzee wetu. Anasema, kumwuliza mganga ni kiburi. Sisi twadhani hofu hii ina historia. Wazazi wetu walipangwa mstari mbele ya waganga wa Wabelgiji, wakashikwa shingo kutafuta uvimbe wa malale, wakachomwa sindano ya mgongo, na hakuna aliyewaomba shauri. Mganga alikuwa mgeni, bwana, mwenye nguvu za Serikali nyuma yake. Siku ya uhuru, 30 Juni 1960, Wakongo wenye kazi hiyo walikuwa wasaidizi wa uganga. Diploma kamili ya udaktari hawakupewa, na wengi wao ilibidi wapelekwe Ufaransa kuimaliza masomo, kwa msaada wa Shirika la Afya la Dunia. Basi katika nyakati zile mtu kunyamaza mbele ya mganga lilikuwa jambo la kueleweka. Lakini leo mganga ni mtoto wetu. Amebatizwa katika kanisa kama letu, Kiswahili alikinyonya kwa mama yake, na karo yake ililipwa na akina mama wenye kuuza ndagala. Kwa nini tumwogope mtoto wetu kwa hofu ile ile tuliyokuwa nayo kwa mgeni?

Lakini hoja ya mzee ni ya dini, kwa hiyo tumjibu kwa Injili. Fungueni Marko, mlango wa nane. Pale Betsaida walimleta kipofu kwa Yezu. Bwana akamshika mkono, akamtoa nje ya kijiji, akamgusa macho, kisha akamwuliza kama anaona kitu. Angalieni: Yezu aliuliza! Na yule mtu hakujibu kwa adabu za uongo, hakusema asante Bwana naona vizuri, ili asimchukize aliyemponya. Alisema kweli yake, ya kuwa anaona watu, lakini wako kama miti inayotembea. Yaani: bado. Bwana hakukasirika, wala hakumwambia kwamba hana imani. Alimwekea mikono mara ya pili, mpaka akaona kila kitu wazi. Kama mgonjwa aliruhusiwa kumwambia Mwana wa Mungu kwamba bado haoni vizuri, nani basi yule mganga asiyeweza kuambiwa?

Na tukiwa katika Marko, mlango wa tano una mama mwenye kutoka damu miaka 12. Marko hafichi: mama huyo aliteswa sana na waganga wengi, akamaliza mali yake yote, asipate nafuu, bali akazidi. Luka anahadithia mambo yayo hayo, lakini habari ya waganga kumtesa ameiruka. Na Luka, twajua kwa Mtakatifu Paulo, alikuwa mganga. Tusimhukumu Mwinjili, yuko mbinguni, twatabasamu tu. Hata hivyo twafurahi kwamba Kanisa limevihifadhi vitabu vyote viwili, cha mganga na cha yule aliyesikiliza upande wa mgonjwa.

Tuseme pia juu ya sisi wenyewe, maana kalamu inayowachoma wengine tu ni kalamu ya mnafiki. Mwezi wa pili mama alitwambia, baada ya sala ya shirika, kwamba dawa imekwisha na ameacha. Tulimjibu: «Vumilia, mama, mtumaini Mungu.» Basi. Hatukuomba kuona karatasi. Hatukuuliza mganga alisema nini. Tulimpa maneno mawili pungufu ya yale ya mganga, tukaona tumefanya kazi ya Mungu. Hatukutambua kwamba uvumilivu tuliomwomba ulikuwa ukiyamaliza macho yake.

Na watu wa parokia? Walijua yote, tena walisema sana, lakini wapi? Walisema kisimani. Walisema katika telefone, wakapitisha sauti za matusi kutoka kikundi hata kikundi, na jina la mganga lilitukanwa mpaka miji ya mbali, na wengine wakaongeza maneno yasiyokuwapo, ya kwamba aliuza macho ya watu. Huo ni uchongezi, nao ni dhambi. Na mwenyewe hakupata kusikia lile kosa moja la kweli ambalo angeweza kulitengeneza. Wengine walimshauri mama aende kwa mganga mwingine, ila afiche fishi ya kwanza, «asije akajua umetoka kwa mwenzake.» Shauri baya kabisa! Mganga wa pili akifichwa karatasi ya kwanza, ataanza gizani, na labda atatoa dawa ile ile. Mwana naye, kwa mapendo, alinunua sokoni kichupa cha kuondoa wekundu wa macho. Vichupa vile vingine vina dawa ya namna ya kortizoni. Vinatuliza upesi, jicho linakuwa jeupe, mtu anashangilia. Kumbe vikitumiwa muda mrefu vinaupandisha ule msukumo wa ndani, na vinaweza kuleta katarakti juu yake. Mama alivitumia miezi minne.

Mwangaza ulikuja kwa njia ndogo. Mwuguzi aliyefundishwa kazi ya macho alipita katika hospitali kuu ya zone yetu, nasi safari hii tulimsindikiza mama wenyewe. Yule bwana akaomba karatasi ya zamani. Akaisoma kimya. Kisha akauliza swali lake la kwanza: «Mama, kifua chako ni kizima?» Mama akaanza kulia hata kabla ya kujibu. Akaelezwa yote, kwa Kiswahili, taratibu, na mwana wake akisikia. Jicho la kuume limekufa. La kushoto linaona bado, kama mtu atazamaye kupitia ndani ya mwanzi. Mwuguzi akamwandikia mganga barua, kwamba mgonjwa ni mwenye pumu, atafutiwe matone mengine. Akatuonyesha pia kubonyeza kwa kidole pembe ya jicho iliyo karibu na pua, dakika moja au mbili baada ya kutia tone, ili dawa isishuke mwilini. Na kichupa kikifunguliwa kisizidi juma nne, hata kama kimebaki nusu. Tena akasema neno lililotushtua: ndugu na watoto wa mwenye glokoma wapimwe, kwa sababu ugonjwa huu hufuata ukoo.

Basi tuliandika. Hatukumwandikia askofu, wala gazeti. Gazeti mnalisoma leo, baada ya mambo kwisha kusemwa mahali pake. Tulimwandikia kwanza mganga mwenyewe, na nakala kwa mkubwa wa hospitali. Tuliandika tarehe ya safari, namba ya resu, hesabu zile mbili, jina la dawa, habari ya pumu, na mambo yaliyofuata, bila neno moja la kutukana. Tuliomba mambo matatu tu: mama apokewe tena bila kulipa upya kuonana na mganga, aelezwe ugonjwa wake kwa lugha anayoisikia, na wagonjwa wengine waulizwe habari ya kifua kabla ya kupewa dawa ile. Kama tusingepata jibu, tulikuwa tayari kumwendea mganga mkuu wa zone ya afya. Katika nchi yetu zone hizo ni 519, na kila moja ina mganga wake mkuu. Kazi yake ni pamoja na kusikiliza mambo ya namna hii, lakini wangapi kati yenu mnalijua jina la wenu? Hospitali ikiwa ya Kanisa, iko pia ofisi ya jimbo ya kazi za afya, ile waiitayo BDOM. Na kwa makosa makubwa liko baraza la waganga wenyewe, Ordre des Médecins. Katiba yetu ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 47, inaweka haki ya afya. Sheria ya kupanga kazi ya afya katika nchi nzima ilitiwa sahihi tarehe 13 Desemba 2018. Ni sikukuu ya Mtakatifu Lusia, ambaye Wakristu humwomba kwa ajili ya macho. Hatudhani waheshimiwa waliikumbuka.

Wapo waliotuonya: ikiwa hospitali ni ya Misioni, je, si kuliaibisha Kanisa? Sisi twaona kinyume. Msalaba ulio juu ya mlango haufuti kosa linalofanywa ndani, unalizidishia uzito. Mpagani akitendewa vibaya chini ya msalaba, atamshitaki nani? Atamshitaki Kristu. Twawaomba mapadri na masista wenye kazi hizo wasitukasirikie tukiwaletea malalamiko, kwani siku tutakapoacha kuwaletea ninyi, tutakuwa tumekwenda kuwaambia wengine.

Majuma matano yakapita, ndipo tukaitwa. Tulikwenda watatu pamoja na mama na mwana wake. Mkubwa wa hospitali alitupokea kwa heshima, na mganga wa macho alikuwapo, barua yetu mkononi mwake. Tulitazamia hasira. Alianza kweli kwa kujitetea: «Hakuna aliyeniambia kwamba mama huyu ana pumu.» Mama akageuza kichwa chote, kama anavyofanya sasa ili kumwona mtu, akamtafuta kwa lile jicho la kushoto mpaka akampata. Akasema pole pole: «Hukuniuliza, mwanangu.»

Chumba kilinyamaza. Mganga akavuta kiti, akakaa mbele yake, magoti yao yakikaribiana, akasema: «Nisamehe, mama.» Kisha akamweleza kila kitu upya, nusu saa nzima, na alipomaliza akamwomba amrudishie kwa maneno yake mwenyewe, aone kama amesikia. Twaandika hayo kwa furaha, kwa sababu haki yadai yaandikwe pamoja na yale mengine. Tumeambiwa pia kwamba siku hizi, kila asubuhi, msaidizi wake husimama mbele ya benchi na kuwaeleza watu magonjwa ya macho kwa Kiswahili, na kuuliza nani ana pumu, nani ana ugonjwa wa moyo.

Je, mzee wetu, hicho ndicho kiburi? Mama hakupaza sauti. Alisema neno moja na jina la heshima, na watu wa benchi ile nzima wamefaidika.

Watoto wa mama wamepimwa wote wanne. Watatu ni wazima. Mwana yule yule aliyekwenda kwa nabii, mwenye miaka 41, ameonekana na hesabu ya 29 katika jicho moja, asijue lolote. Macho yake bado ni mazima, na matone ameanza.

Kwa wakwe zake amekwenda mara mbili pamoja na wazee wa shirika kuomba radhi. Baba wa binti anasema: mtoto wangu mliitwa mchawi mbele ya kijiji, basi mbele ya kijiji mje kusema kwamba si mchawi. Ana haki, na siku imewekwa, Jumamosi baada ya sikukuu ya parokia; sisi walimu tutakwenda wote, kwani sisi nasi tulinyamaza. Kwa sasa matone ya jioni mama anatiliwa na mjukuu wake wa miaka kumi. Mtoto anajitahidi, lakini mara nyingi tone linaanguka shavuni, na mama husema mkono mwepesi kuliko yote ulikuwa ule mwingine.